Tandiko la Manyoya la Bibi Harusi

Mpendwa mshauri, assalamu alaikum, naomba msaada upesi maana harusi ya binti yangu ni mwisho wa mwezi huu, na siku moja kabla ya nikaha wanawake wa upande wa bwana watakuja kutazama chumba cha maharusi, nawe wajua watu wetu hawatazami kwa macho, hubonyeza godoro kwa viganja, na kwenye harusi ya dada yake mkubwa wakwe walibonyeza wakacheka, wakasema gumu kama jamvi la matanga, wallahi maneno yale sijayasahau mpaka leo.

Safari hii nikaapa sichekwi. Nikanunua tandiko la manyoya ya bata, lile nene jeupe linalowekwa juu ya godoro, la mtumba lakini safi, muuzaji hapa Kisauni alinifungulia nikazamisha mkono mpaka kiwiko, nikajisifu kwa kila mtu, hata kwa mama wa bwana harusi. Nilipolitandika binti akaketi, akapiga chafya, macho yakamwiva, akasema, "Mama, kifua chanibana, hili siliwezi," nami nikamwambia ni vumbi tu. Nimelianika siku tatu, bado.

Na hapa unisitiri: mtoto ana pumu tangu udogoni na upande wa bwana hawajui, nimemkataza kusema mpaka ndoa ipite, na dawa yake ya kuvuta nimeifungia kabatini mwangu wasije wakaiona. Somo wake anayemfunda asema nilirudishe. Nikilirudisha naaibika, nikiliacha roho hainitulii. Je, kuna namna ya kulifua likamkubali?

Jina limebanwa, Mishomoroni

Bi Nasreen anajibu:

Waalaikumu salaam, mama harusi. Uchungu wa kuchekewa mtoto naujua, na waliobonyeza wakacheka hawakuwa na adabu. Pole yangu inaishia hapo. Binti amekwambia kifua chambana, nawe ukamjibu kwa kuanika! Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umeficha hata dawa. Tandiko hilo si lake, hata ulifue mara saba.

Fungua kabati sasa hivi, umrudishie dawa yake mkononi. Tandiko lirudi dukani. Muuzaji akikataa, lilalie wewe uliyelipenda. Kisha nenda na binti mkachague la sponji imara, lenye kifuniko cha zipu kinachofulika, alale juu yake palepale dukani, aseme mwenyewe kama linamfaa. Na bwana harusi aambiwe kabla ya nikaha, aambiwe na binti, wewe ukae kando. Akikimbia kwa ajili ya pumu, heri akimbie sasa.

Hao wanawake watabonyeza dakika tano, wanywe kahawa, waende zao. Lakini ukiendelea kuficha, siku kifua kitakapombana mwanao kwa mumewe, atakayekuwa naye ni mwanamume asiyejua afanye nini, na dawa iko Mishomoroni, na ufunguo unao wewe.