Mrija wa Nyanya

Mama mpendwa,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Huwa najizoeza kuongea bafuni, nikiwa nimefungulia maji ili nisisikike. Hapa Nairobi walimu wanadhani sina la kusema. Ninalo, ila hunikwama kooni.

Hamjambo huko? Majani chai yanachumika na mvua hii? Sisi wazima, Nyanya pia, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Kwa simu ulisikia tu kwamba alilazwa akiwa amekuja kututembelea. Mfuko wake wa nyongo ulivimba ukajaa usaha, na moyo wake haungestahimili upasuaji. Daktari hajui Ekegusii, na Kiswahili cha Nyanya ni kile cha kuuzia ndizi, kwa hiyo Baba Mdogo akawa anatafsiri. Daktari alipouliza choo kina rangi gani, Baba Mdogo akageukia dirisha. Mwana amuulize mamake hayo? Chinsoni, ile miiko yetu ya heshima, haimruhusu. "Wewe ni mjukuu, uliza," akaniambia, akatoka.

Nikauliza, uso ukiniwaka. Nyanya akacheka na maumivu yake yote. "Mke mwenzangu, kumbe una sauti."

Daktari akaeleza: bomba jembamba lenye kamera lingepitia mdomoni hadi tumboni, watoboe kitundu kufikia ule mfuko, waache kimrija cha kuutolea usaha uingie utumboni. Hakuna kukatwa. Nyanya akakataa. "Nirudisheni Ekerenyo nikafie kwangu." Daktari akaniambia polepole kwamba asipotolewa usaha, tutampoteza.

Maneno ya hapo sikuwa nimejizoeza kuyasema bafuni. Nikamwambia, "Nyanya, unakumbuka wazee walivyozunguka chungu cha pombe, kila mtu na mrija wake mrefu? Mfuko wako wa nyongo ndio chungu hicho. Wanataka kutia mrija tu kinyweke kiishe."

Akauliza, "Na mnywaji ni nani?"

"Utumbo wako."

"Basi usije ukalewa." Akafungua mdomo wazi palepale, mpaka daktari akamwambia bado.

Mrija ukatiwa, na kesho yake homa ikashuka. Sasa yuko hapa kwa Baba Mdogo na anateta kwamba ndizi za Nairobi hazina ladha.

Nasikia nyayo zake zikija mlangoni. Siku nyingine ningeisukuma karatasi chini ya godoro. Leo naiacha hapa mezani. Atataka nimsomee kwa Ekegusii, kwa sauti, na nitamsomea.

Msalimie Baba, na Babu huko shambani. Mwambie Babu wake zake wote wawili wa Nairobi ni wazima.

Ni mimi binti yako,
Kemunto