Fanio Iliyochelewa Kuvuka Ziwa

Papa,

Nakuandikia kwenye meza yako ya kushonea, hapa Nchelenge. Tangu tukuzike, mambo mengi yamebaki vile vile. Mama anauza samaki, jirani anaimba vibaya kanisani. Nitakuambia lile moja lililobadilika, kwa sababu nililibadilisha mimi.

Ni mechi yetu ya kila mwaka na watu wa Kilwa, kule ng'ambo ya ziwa, Congo. Komite ilinipa kazi yako ya sekretere. Bon, unanijua. Miaka yote nilikuona ukisumbuka na drapo mbili, bendera yetu na yao, nyimbo mbili za taifa, na fanio, kale kabendera ka pembe tatu makapiteni wanapeana kabla ya mupira kuanza. Wiki nzima unakashona, nkwazi, yule tai wa bendera yetu, katikati, mabawa wazi. Siku moja nilikuuliza faida yake ni nini. Tulikuwa tunaangalia Kombe la Dunia kwenye televisheni, na ulikuwa umesimama kwa wimbo wa nchi ambayo hata haukujua iko wapi. Ukasema: "Mutu haingii kwa mwenzake bila hodi. Ile yote unaona pale ni hodi."

Mwaka huu niliifuta hodi. Niliwaambia komite jua ni kali, watu wanataka magoli. Nyimbo nikaziondoa, fanio sikushona. Hakuna aliyekataa.

Watu wa Kilwa walifika asubuhi na bwato ya moteri. Walijipanga wenyewe kwenye mustari, mikono kifuani, wakangoja wimbo. Wimbo haukuja. Halafu kapiteni wao, Kasongo, akatembea mpaka katikati ya uwanja, akamupa Chanda, kapiteni wetu, fanio yao kwa mikono miwili. Chanda akaipokea, akaniangalia. Mimi nilikuwa pembeni na karatasi zangu. Hakuwa na kitu cha kurudisha. Kasongo alibaki mikono mbele, kidogo tu, kisha akaipangusa kwenye kaptula na kurudi kwa wenzake.

Chanda aliniletea ile fanio. Juu yake hakukuwa na mamba wanayemushona kila mwaka. Walikuwa wameshona jina lako, na utepe mweusi chini yake.

Tulishinda mbili kwa moja. Watu walirudi nyumbani mapema.

Nilishona fanio yetu siku tatu. Nkwazi wangu alitoka kama kuku, na Mama alipomuona akacheka, mara ya kwanza tangu maziko. Nikachukua karatasi ya kuvuka kwenye ofisi ya mipaka, nikapanda bwato. Nilitapika njiani. Sikulia, kama unataka kujua. Nilikuwa napanga maneno ya kusema, na kila nikiyapanga yalikuwa yanajitetea.

Kasongo nilimukuta kwake, anatengeneza baiskeli. Nikasema tu, "Nimechelewa. Samahani." Akanawa mikono kwanza, ndipo akaipokea fanio. Akasema: "Ulikuwa na kilio. Hatukukuhesabia kosa."

Akanipeleka kwenye chumba kidogo nyuma ya kanisa, mahali ekipe, timu yao, inaweka mipira. Papa, ziko pale zote. Fanio zako zimepangwa ukutani mwaka kwa mwaka, ile ya kwanza imepauka mpaka ndege hajulikani tena ni ndege. Hakuna hata moja yenye vumbi. Na mwisho wa mustari kulikuwa na musumari mutupu. Nilimuuliza nani ameupiga. Akasema: "Mimi. Siku ile ile tuliporudi kutoka kwenu. Tulijua itakuja."

Nikaitundika mwenyewe. Ilikaa upande kidogo, Kasongo akainyoosha.

Sitakudanganya kwamba nimekuwa mutu wa sherehe. Nyimbo ndefu bado zinanichosha miguu. Lakini nilisimama mbele ya ule ukuta muda murefu kuliko nilivyosimama kwenye kaburi lako, na hilo nilitaka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mutu mwingine.

Bakia na amani, Papa. Mwaka kesho, kabla ya mechi, nitavuka mwenyewe kuwaalika, mulango kwa mulango. Ni ahadi. Mama amesema tutaenda pamoja. Hajakanyaga Kilwa tangu siku mulipokimbia vita, yeye na wewe. Ameshaniuliza avae kitenge gani.

Mutoto wako,
Bupe