Pijo Langu Halizimwi Tambarare

Ijumaa jioni, Makere. Mvua imenyesha tangu alfajiri, imekatika sasa hivi tu, na baridi yetu ya huku Kasulu imeingia mpaka kwenye kalamu. Moyo wangu lakini una joto. Una joto kama injini.

Nina gari. Hii ni wiki ya tatu na bado naona raha kuliandika neno hilo. Mimi, niliyeishia darasa la sita, niliyekata mkonge Tanga mpaka viganja vikawa kama gome la mti, leo nakwenda kazini Kasulu nimekaa kwenye kiti. Ni Pijo, pikapu ya dizeli, rangi ya kijivu, nimelinunua kwa padri aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Habari zake zimeshafika Kibondo. Kama hazijafika, nitazipeleka mwenyewe.

Wenye magari ya petroli mwaka huu wanalia. Petroli ikionekana leo, kesho haipo. Mimi nalinywesha langu dizeli ya pipa, kidogo tu, linakwenda na kurudi bila kununa. Mbio halina. Kwenye mlima wenye baiskeli hunifikia, tukazungumza. Linanguruma kama mashine ya kusaga, na siku ya kwanza akina mama wawili walitoka ndani na mahindi yao. Shati langu linanuka dizeli, na mke wangu Skolastika anasema hata mtoto sasa ananuka dizeli. Mimi nasikia marashi.

Asubuhi lina adabu zake. Padri alinifundisha: vuta kijiti cha kupasha moto, sema Salamu Maria moja, ndipo uwashe. Huko kwao labda. Kwa baridi ya Makere nasema tatu, na siku ya ukungu naongeza Baba Yetu. Tena betri imezeeka, ina nguvu ya kupasha moto lakini haina nguvu ya kuzungusha injini, na betri mpya ni mpaka Kigoma, na Kigoma wanasema subiri. Kwa hiyo nalilaza kwenye mteremko wa nyuma ya nyumba, kichwa chini. Asubuhi naliacha lishuke, naachia klachi, linakohoa, linawaka. Baada ya hapo silizimi mpaka Kasulu, kwenye mteremko wa ghala la mazao ambako mimi ndiye mshika funguo.

Tambarare silizimi. Shajara yangu, shika hilo.

Na baba mkwe anakaa tambarare.

Sisi Waha salamu si neno la kurusha. Ukikutana na mzee, hata uwe juu ya baiskeli, unashuka, unailaza chini, unainama, mnashikana mikono. Unauliza ya nyumbani, ya shamba, ya ng'ombe, naye anauliza ya kwako, na hakuna wa kumkatiza mwenzake. Kwa baba mkwe unazidisha.

Jumatatu, Mzee Bukuru, baba yake Skolastika, alikuwa ukingoni mwa barabara. Aliniona kwa mbali. Akatua jembe, akavua kofia, akasimama tayari kupokea salamu ya mkwe wake. Nami nilikuwa nimechelewa, na bosi wangu wa ghalani, Bwana Shebe, mtu wa pwani, alikuwa ameshaniambia kwamba nikichelewa tena funguo atampa mwingine. Basi nikafanya nilivyoona wakubwa wakifanya kule Tanga. Nikapiga honi. Ndefu, ya heshima. Nikapunga na mkono. Kwenye kioo nikamwona amesimama ndani ya moshi, kofia mkononi.

Nilijiona nimemtukuza.

Jumanne maneno yakanifikia. Mzee anasema amepigiwa honi kama mbuzi aliyelala barabarani. Anasema hana mkwe, kuna dereva fulani tu anayepita. Na Jumapili hii, ubatizo wa mtoto wetu wa kwanza, asingojewe. Skolastika hakugomba. Bora angegomba. Alisema tu, "Bila baba, mtoto haendi kanisani. Kabatize Pijo lako." Tangu hapo chakula kililetwa, maneno hayakuletwa. Jumatano jioni nikaenda kwa Mzee kwa miguu, nikaambiwa amelala, na jua bado lilikuwa juu ya migomba.

Leo asubuhi nikamkuta barabarani, ndani ya mvua, jembe begani, amenipa mgongo. Nikasimama. Nikashuka. Injini sikuizima.

Nikainama kwenye matope, nikasema, "Mwakeye, data," ndivyo tunavyomwamkia baba. Injini ikanguruma. Nikapaza sauti. Nikapaza zaidi, mpaka nikajikuta namfokea baba mkwe wangu barabarani, na ninachofoka ni salamu. Yeye akaweka kiganja sikioni, akaendelea kutazama mvua.

Nikalitazama Pijo. Nikaitazama barabara, imelala kama mkeka. Nikamfikiria Bwana Shebe na funguo zake. Nikamfikiria mtoto.

Nikazima.

Kimya kilichofuata sijawahi kukisikia tangu ninunue lile gari. Mvua ilikuwa inagonga majani ya migomba, na mahali fulani ng'ombe analia. Nikarudi, nikainama, nikaanza upya, safari hii kwa sauti ya mtoto wa watu. Mzee akageuka. Akatua jembe. Akavua kofia, kama Jumatatu. Tukaulizana yote: maharage yanayooza kwa mvua hii, ng'ombe aliyekataa kutoa maziwa, mjukuu wake na jino linalochomoza. Hakuwa na haraka hata kidogo. Kisha akaniuliza lile dude huwa linawashwaje asubuhi.

Mimi tena, kwa kupenda sifa, nikamweleza kijiti cha moto na Salamu Maria zangu tatu. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo chuma unakingoja kipate joto," akasema. "Mimi hukuningoja."

 Nikasema, "Nisamehe, data."

Akavaa kofia. "Haya, washa uende kazini."

Hapo ikanibidi nimweleze habari ya betri.

Alicheka mpaka akaegemea jembe. Halafu akazunguka nyuma ya gari. Baba mkwe asukume gari la mkwe! Nikamshika mkono, nikamsihi akae ndani nisukume mimi. Akaniuliza nani atashika usukani, maana yeye anajua kuswaga ng'ombe tu. Akawaita watu waliokuwa wanakwenda shamba, akaweka bega lake katikati ya mabega yao. "Sukumeni," akawaambia. "Jumapili hili ndilo linanipeleka ubatizo. Mnataka nitembee?"

Nikiwa kwenye usukani niliona matope, nikaona mvua, nikajua maji mengine usoni mwangu hayakuwa mvua.

Liliwaka. Nikasimama mbele kidogo, nikaliacha lingurume, nikarudi kwa miguu kumuaga kama inavyopasa. Mzee alikuwa mweusi kwa moshi kuanzia kofia mpaka kifuani. Kabla sijainama akainua mkono. "Umeshanisalimu. Sasa nenda, na ukifika pale kwenye kona piga ile honi yako, nami niisikie vizuri."

Niliipiga kabla ya kona, kwenye kona, na baada ya kona.

Bwana Shebe nilimkuta mlangoni pa ghala, watu wamejipanga na magunia, mkono wake umeshanyooshwa kudai funguo. Nikamsimulia yote, pamoja na honi za heshima za Tanga. Akanitazama sana. "Mimi nimezaliwa Tanga," akasema. "Honi kwetu ni ya kufukuzia kuku." Halafu akaurudisha mkono mfukoni, akasema angenifukuza kama ningemletea kisa cha kawaida, ila hiki hakuna mtu anayeweza kukitunga. Akaniambia nifungue mlango.

Jioni hii chakula kimekuja na maneno. Mengi, na karibu yote ni juu ya shati langu. Nimeyala yote pamoja na mboga.

Nimeamua kuanzia kesho niondoke nyumbani mapema, nimsalimu kila mtu ninayepaswa kumsalimu. Jumapili nitampitia Mzee. Atakaa mbele na Skolastika na mtoto, kofia yake kichwani. Uwanja wa kanisa ni tambarare kabisa, jioni hii nimeupitia makusudi kuutazama.

Nitalizima mlangoni. Wa kunisukuma watakuwepo.