Nilipiga Debe la Kasyoka

Shangazi mpendwa, naomba unisaidie kabla Jumapili haijafika, maana nimefanya jambo ambalo siwezi kumwambia mtu yeyote hapa.

Mimi ni mwalimu kutoka Ukambani, nafundisha katika kituo kidogo nje ya Garissa, na kama unavyosikia redioni mvua hii imekata barabara, pasta hafiki, shule imefungwa, na tangu Desemba umeingia ugonjwa wa mifugo na watu, mtu anapata homa leo na keshokutwa anatoka damu, na sisi Wakristo hapa ni watano tu, tulikuwa tukisali katika darasa la nne, tukaogopa kukaa pamoja, tukakubaliana kila mtu asali kwake Jumapili saa tatu, na ili tujue tuko pamoja tupige debe kwa zamu, mimi mara tatu, Kasyoka fundi wa cherehani mara nne, karani Dancan mara tano, na Musyoka wa polisi na mkewe mara sita. Shangazi, ukisikia mapigo yale yakizunguka kituo kizima unalia kwa furaha. Tuliweka pia kanuni kwamba asiyepiga asiendewe, aombewe kwa mbali. Kanuni hiyo niliipendekeza mimi, kwa sababu mimi ndiye mwoga kuliko wote.

Jumapili baada ya Krismasi nilishikwa na malaria nikashindwa kuinuka, na Kasyoka akaivunja kanuni, akaja akasimama nje ya ua akaniita, "Mwalimu, mimi siondoki hapa. Piga hata kikombe nisikie." Nikagonga kikombe kwa kijiko, akasema asante Yesu, akaenda zake.

Sasa Jumapili iliyopita nilipiga tatu zangu, nikangoja nne za Kasyoka, kimya. Mbuzi watatu wa jirani yake walikuwa wamekufa wiki hiyo. Nikafikiri, wengine wakijua watataka aendewe, na mimi ndiye ninayekaa karibu naye, nitatumwa mimi. Basi nikashika debe nikapiga mara nne, pale pale mlangoni kwangu. Dancan akajibu na tano zake, Musyoka na mkewe sita, ibada ikaendelea, nami nikapiga magoti nikashindwa hata kusema Baba Yetu.

Aliyegundua ni jirani yangu Sadiyo, Msomali, ambaye ni Mwislamu na hata si wa kanisa letu. Aliniletea maziwa akaniuliza, "Mwalimu, leo wewe nabiga mara mbili. Yule dada yako ya cherehani iko wabi?" Nikamwambia amelala tu. Akaniangalia sana, akasema, "Wallahi hata mimi naogoba. Lakini mutu kufa beke yake, hiyo habana mzuri."

Leo ni Jumanne, mlango wa Kasyoka bado umefungwa na cherehani haisikiki. Barua hii naituma kwa helikopta inayoleta chakula. Nampenda Kasyoka, lakini naogopa kufa, Shangazi, nina mama yangu kule Mwingi anayenitegemea. Je, nimwendee Jumapili, au niwaambie wengine, au ninyamaze nimwombee?

Mwalimu Mwoga, Garissa

*

Mwalimu,

Barua yako imekaa njiani siku kumi na moja kabla ya kunifikia hapa gazetini. Jumapili uliyoniuliza imeshapita, na sijui ulipiga mara ngapi.

Pole sana, mwanangu. Kuogopa si dhambi. Hata mimi niliposoma habari za damu niliiweka barua mezani nikaenda kunawa mikono, nami niko huku Nairobi. Kusali kila mtu kwake pia hakukuwa kosa, na debe lenu limenigusa moyo. Kosa ni zile nne. Kama miguu yako ilikataa, sawa, lakini Dancan ana miguu, na Musyoka ana miguu na bunduki juu yake. Walikwenda kunywa chai yao wakiamini Kasyoka ni mzima, kwa sababu wewe uliwaambia ni mzima. Aibu, Mwalimu!

Daktari niliyemuuliza anasema hatari kubwa iko katika kushika mnyama mgonjwa, nyama yake na damu yake, na katika mbu. Kusimama uani ukaita hakukupi homa hiyo. Kwa hiyo waambie wenzako ukweli leo, si Jumapili. Mchukue Sadiyo muende pamoja, ana moyo kuliko darasa lenu zima la nne. Kasyoka akiitika, mwachieni mlangoni uji na maji yaliyochemshwa, na Musyoka awaite watu wa afya kwa redio ya polisi. Msiguse damu kwa mikono mitupu, nanyi nyote mnawe kwa sabuni. Asipoitika, Musyoka afungue mlango. Kama tumechelewa, azikwe na watu wanaolijua jina lake, na wewe uwepo. Kanuni yako ifuteni. Asiyepiga, aendewe.

Nina neno moja zaidi, nalo litakuuma. Umesema unakaa karibu naye. Kama Jumapili ile Kasyoka alikuwa hai kitandani, basi alisikia mapigo yake manne yakitoka mlangoni kwako, akajua kwamba hakuna atakayekuja.

Weka gazeti chini. Nenda umwambie apige hata kikombe.