Nusu Yako Iliyokaa Dirishani

Binti yangu ndiye aliyepanga taa za makumbusho yote, wifi! Yule uliyesema ataishia kubadilisha balbu za watu. Hujambo lakini? Huku tu wazima, ni goti langu tu.

Unakumbuka tulipomzika mamako, ukakikata kitambaa chake cha harusi katikati? Nusu yako ukaitundika dirishani wageni waione. Mimi niliyeitia yangu sandukuni ukaniita bahili wa matambara. Basi ahsante kwa kuipeleka yako makumbusho kwa mbwembwe. Nami nikaitoa yangu sandukuni nikampa binti yangu, naye ameziweka zote mbili pamoja, chini ya taa hafifu, maana anasema mwanga unakula rangi kama mchwa. Yangu bado nyekundu, inawaka. Yako imepauka kama tambara la deki.

Akaniuliza, "Mama, kwenye kibao tuandike nani aliiacha juani? Shangazi si ataumia?"

Nikamwambia, "Andika jina lake lote, mwanangu, na hicho kibao ukimulike sawasawa. Wino wake haupauki."

Ukoo mzima nimeualika kwenye ufunguzi wa maonyesho. Vaa upendeze, utatazamwa.

Ni mimi wifi yako mwenye sanduku, nakungoja Jumamosi, saa nne asubuhi.