Seva ya Utende na Pilau la Kanga

Jumatatu, 10 Novemba
Chai, chapati, kisha seva. Programu tatu za Java nazichunga humo: ya vyumba, ya wazamiaji, na ya saa za maji kujaa na kupwa. Hoteli zote za kampuni hapa Utende zinazitegemea. Asubuhi shwari. Alasiri kumbukumbu ya seva ikajaa, zote zikagoma. Nikazima, nikawasha. Zikarudi. Sijui kwa nini. Sipendi kutojua.

Bi Zuhura wa mapokezi anamwoza bintiye Jumamosi, kijijini kwao Kanga. Ameniweka kundi la wapishi. Mimi, mtu wa Mbeya! Nimefurahi mno.

Jumanne, 11 Novemba
Kumbukumbu imejaa tena. Wageni wamekwama mapokezi na mabegi yao. Meneja, Bwana Temba, hakupandisha sauti. Alisema seva isipotulia sitoki Utende. "Hata Jumamosi, Neema."
Nimeumia. Sijamwambia Bi Zuhura.

Jumatano, 12 Novemba
Nimeiongezea kumbukumbu. Imechelewa kujaa, lakini imejaa. Hasira tupu.

Alhamisi, 13 Novemba
Basi kubahatisha. Ilipojaa sikukimbilia kuzima. Nilinakili kwanza yote yaliyomo kwenye kumbukumbu, nikayapekua. Nimempata mchawi! Programu ya maji. Kila ikisoma hifadhidata inafungua njia mpya ya kuifikia, ya zamani haiifungi, zinarundikana. Ndogo kuliko zote, na ndiyo inayowanyonga wenzake.
Nimeisimamisha hiyo peke yake. Saa za maji nimewaandikia manahodha ubaoni kwa chaki. Hadi jioni, shwari. Nikacheza ofisini peke yangu. Bi Zuhura akanikuta, naye akacheza, bila hata kuuliza.

Ijumaa, 14 Novemba
Aliyeiandika programu ya maji yuko Dar. Nimemweleza, akatuma marekebisho kabla ya swala ya Ijumaa. Nimeyaweka, nikairudisha kazini. Kutwa mstari wa kumbukumbu kwenye skrini unapanda, unashuka, haukwami juu. Bwana Temba alikuja, akautazama kitambo.
"Nenda kapike," akasema.

Jumamosi, 15 Novemba
Kanga. Sufuria naweza kuogea ndani. Wamenipa vitunguu, nikalia kuliko mama wa bibi harusi. Wanawake wakacheka mpaka wakakaa chini. Baadaye wakanipa mwiko. Miguu inauma kwa ngoma. Siku nzuri kabisa.

Jumapili, 16 Novemba
Seva salama. Nimelala mchana.
Magharibi Bi Zuhura amepita na sahani ya pilau la jana. Nyumba kimya, amesema, binti keshakwenda kwake. Nimetandika mkeka. Tumekula taratibu. Hakuwa na haraka ya kurudi, nami sikumharakisha.