Gari Lisilo na Kovu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo yadi tatu za kuuzia magari. Magari makubwa kumi na moja. Yote takataka!

Kitinda mimba wangu kapangiwa zahanati kule nyuma ya milima. Mkunga. Njia ya kule ni mawe matupu, na akina mama wenye uchungu atawabeba yeye mwenyewe. Anataka gari la juu, safu tatu za viti. Nimemwambia hachagui mtu ila mimi. Miaka arobaini na moja nimenyoosha bodi. Waliniita Daktari wa Mabati. Gari liliingia limekunjamana kama karatasi, likatoka bibi harusi.

Nagonga kwa kifundo cha kidole. Bati zima huitika ngo. Penye pati, ule udongo wa kuzibia mabonde, husema pu. Kisha sumaku, nimeifunga kitambaa — ikidondoka, hapo pana uongo. Kwenye lile jeusi ilidondoka mara tatu. Dalali kasema labda sumaku imezeeka. Nikamjibu imezeeka kweli, ila haijajifunza uongo kama yeye. Binti kacheka mpaka kashika kiuno. Tangu tumzike mama yake sijamsikia akicheka hivyo.

Mama yake angekuwepo tungemwacha nyumbani. Magari hakuyaweza. Kichefuchefu.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mvua. Yadi moja tu. La kijani — mlango wa nyuma si wake. La fedha — lilizama majini, nimenusa mikanda ya viti. Binti kachoka. Anasema Jumamosi lazima aondoke, mimba hazisubiri sumaku yangu. Ulimi ule kautoa kwangu.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Tumepata!

Jeupe. Nimeligonga kuanzia pua hadi mkia — ngo, ngo, ngo. Sumaku imeng'ang'ania kama kupe. Mianya ya milango sawasawa, sarafu inapita juu mpaka chini haikwami. Rafiki yangu fundi wa injini kaja, kasikiliza, kasema moyo wake mzima, lakini tulipandishe jeki, tung'oe na kapeti, tuone sakafu. Nikamwambia mbele ya watu ashike oili zake, bodi aniachie mwenyewe. Kafunga kisanduku chake cha zana. Mzee mwenzangu, nimemvunjia heshima. Basi.

Nikamwambia binti, gari hili halijaguswa na nyundo tangu lizaliwe. Kanishika mkono. "Ukisema wewe, Baba, mimi sina swali."

Tumelipa, na neno hilo nimerudi nalo nyumbani kama mtu aliyebeba yai.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Asubuhi nimeosha gari. Nikatoa kapeti nilianike.

Siwezi kuandika.

Bado Alhamisi. Alasiri. Nimekunywa maji, nimerudi.

Chini ya viti vya katikati pana mshono wa kuchomelea. Unakata sakafu upande hadi upande, unapanda kwenye nguzo za milango. Nikalala chini nikaona chasisi. Nayo imekatwa, imeungwa. Magari mawili haya. Mbele la huyu, nyuma la yule.

Mimi ni mashoto. Mshono wangu una magamba kama ya samaki, na magamba yangu hulalia kulia. Haya yanalalia kulia.

Na kipo kiraka. Nimekwangua rangi kwa kucha. Chini yake bluu, ile bluu ya friji la mama watoto. Friji lilipokufa nilikata mlango wake nikapata bati. Aliuliza mlango umekwenda wapi, nikasema umeibwa.

Miaka tisa iliyopita. Lilikuwa jekundu. Aliyelileta alisema litabeba majani ya ng'ombe shambani, lami halitaiona. Nikaamini. Nilitaka kuamini. Pati sikutia hata kijiko, chuma kwa chuma, ndiyo maana sumaku haikusema kitu. Nilipomaliza nilijisifu gereji nzima kwamba hazaliwi mtu wa kuligundua.

Hakuzaliwa. Hata mimi.

Kwenye lami litatulia. Kwenye mawe, limebeba watu, litaachana katikati.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimemwambia haliendi. Kauliza kwa nini. Nikasema rangi siipendi. Rangi! Kanitazama kama anayepima homa.

Nikaenda kwa dalali. Hana neno, lirudishe, anasema. Yupo mwalimu ana watoto wanne, analisubiri kwa hamu. Nikageuza nikarudi nalo.

Sasa namwaza mama yao. Kila gari lililotoka mkononi mwangu hakulipanda. Sokoni kwa miguu. Kliniki kwa miguu, na mimba ya huyu huyu. Watu wakanicheka, mke wa fundi anatembea juani. Nilidhani kichefuchefu. Lakini kwenye basi hakutapika hata siku moja. Hata siku moja!

Alijua nilichokuwa nikiunga. Akachagua kutembea kuliko kuniaibisha.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Saa mbili asubuhi. Nimo ndani ya gari, nimejifungia. Daftari juu ya usukani. Ufunguo mfukoni.

Mizigo yake iko barazani. Kagonga kioo, kwa kifundo cha kidole, kama mimi. Anadhani nalia kwa sababu ananiacha peke yangu. Anasema atakuja kila mwisho wa mwezi, jirani atanipikia. Nikatikisa kichwa. Akasema, "Baba, mama alikuwa mgonjwa na akaniachia nikasome. Wewe mzima unanizuia?"

Ningenyamaza ningeokoka. Mzee mpweke, king'ang'anizi — hiyo ni aibu ndogo. Angepanda basi, angenionea huruma maisha yake yote. Na gari lingerudi kwa dalali, likaenda kwa mwalimu.

Nimejaribu kusema. Mdomo huu uliojisifu miaka arobaini na moja, leo umekauka.

Kafuta macho, kaenda ndani kuchukua ufunguo wa pili. Uko jikoni kwenye msumari. Nimeutundika mwenyewe.

Nimeinuka nikalikunja kapeti la nyuma, nililokuwa nimelirudisha, lote. Bluu inaonekana vizuri. Ataijua. Alijifunza kusimama wima kwa kushika mlango ule wa friji.

Nimerudi kukaa mbele. Akifungua nyuma ataona kiraka. Akifungua mbele ataniona mimi, nitalazimika kusema.

Mlango wa jikoni umelia. Anakuja. Hakimbii. Sijui ataanza na mlango upi —